Kamba Mbili za Mafundo

Mwaka 1966 nilikuwa na miaka minane, huko Likasi, Kongo, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Baba alifukiwa mgodini, nami nikatolewa shule kabla sijajua kusoma hata jina langu. Bibi yangu akanichukua. Alisuka mikeka akiipima kwa kamba yenye mafundo, na jioni, tukibangua karanga kwenye ungo huku moshi wa jiko la bukari, ugali wa kwetu, ukituuma macho, alinisimulia Biblia. Hakujua kusoma, aliisikia akaishika. Niliyoipenda ni ya punda wa Balaamu: nabii anampiga fimbo, malaika amesimama njiani na upanga, na anayemwona, akafunguliwa kinywa akasema, ni punda peke yake. "Siku ile," bibi alisema, "Mungu hakutafuta mwenye shule."

Ungenikuta Doornfontein, Johannesburg, mwaka 2017, ungeniona na futi ya kupimia shingoni. Mama Fundi, nashonea kanisa zima. Futi ilikuwa pambo. Kila mteja alikuwa na kamba yake ukutani, kwenye msumari wake: fundo la kifua, la kiuno, la urefu. Siri hiyo sikumwambia mtu.

Tulikuwa kwenye sare za kwaya. Nikifagia, kamba mbili zikaanguka, nikazirudisha kila moja kwenye msumari wa mwenzake. Mama mmoja mnene, wa sauti ya pili, akapata gauni lisilopita mabegani. Nikamwambia amenenepa, akaniamini. Na binti msusi, mwembamba kabisa, akapata gauni la watu wawili. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa. Mungu anisamehe, kesho yake ilikuwa Jumapili.

Binti akaimba nalo. Kufikia Jumatano habari ilishazunguka: ameomba gauni pana, anaficha mimba. Na wazazi wa mchumba wake walikuwa wanakuja kwa basi kutoka Lubumbashi, kuleta mahari. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wazee wakamsimamisha mbele. Akikiri, anavuliwa sare. Akikataa, ni mwongo, anavuliwa vilevile.

Nilikaa safu ya tatu, baridi ya Julai ikipanda kutoka sakafuni. Binti alilia bila sauti. Hakunitazama, angenitazama ingekuwa afadhali. Kamba zilikuwa mkobani, maana tangu Jumatano sikuwa na amani. Nikisema, nani ataniletea tena kitambaa? Jina hili nimelijenga kwa vidole, miaka ishirini. Hata malkia Esta wa Biblia aliogopa, na alikuwa na taji. Nikangoja mwingine aseme. Mzee wa kanisa akauliza mara ya mwisho kama kuna mwenye neno.

Nikamkumbuka yule punda. Nikasimama.

"Kosa ni langu, mzee. Nilichanganya kamba."

"Kamba gani, Mama Fundi? Si una futi hapo?"

"Ya pambo. Sijui kusoma namba."

Mwanamume mmoja nyuma akadakia: "Eish, na suti yangu ya harusi ulipima na nini?"

Nilimwita mama wa sauti ya pili, nikamzungushia kamba iliyokaa kwenye msumari wa binti. Fundo la kiuno likakutana sawasawa.

"Kumbe sijanenepa," akasema. "Wiki nzima nalala na njaa, wewe mama."

Watu wakacheka. Mzee akamwambia binti akae. Mimi nikabaki nimesimama, nikamwambia mzee amwombe binti msamaha kwanza, mbele yetu, kama alivyomsimamisha mbele yetu. Akamwomba.

Wateja kadhaa walinihama. Sasa hata ule ukumbi tuliosali umekuwa ghala la matairi, kwaya imetawanyika, na ungo wa bibi sijui ulioza wapi.

Leo, mwaka 2019, nina cherehani tatu, pasi, meza ya kukatia, chumba cha kazi ghorofa ya pili, na ukuta wa misumari. Nina Biblia ninayoisoma mwenyewe, polepole. Na nina daftari hili, kwa herufi alizonifundisha yule binti kila Alhamisi mpaka siku alipoolewa. Gauni lake la harusi nililipima kwa futi. Kamba nayo niliizungusha, kuhakikisha.