Viatu vya Siku za Wageni

Ardis Tveit hakuwahi kufika kwa mtu bila kupiga simu kwanza. Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwao Minnesota, mgeni asiyetanguliwa na simu humkuta mwenyeji na vyombo vichafu, na aibu ni ya mgeni. Ndivyo alivyolelewa, na katika maisha yake yote ya kukamua ng'ombe na kuoka keki za kanisani hakuna aliyemlaumu kwa hilo.

Mwaka ule, simu zilipokuwa bado za kuning'inia ukutani jikoni, mumewe Orlin aliteleza kwenye barafu mlangoni pa zizi akavunjika nyonga. Baada ya upasuaji daktari alisema wazi: asipoinuliwa na kutembezwa kila siku majuma haya ya mwanzo, hatatembea tena. Ilibidi apelekwe kwenye nyumba ya uuguzi na mazoezi ya viungo, na wa kuichagua alikuwa Ardis.

Lavonne, dada yake Orlin, alimpakia garini akampeleka mji wa pili, bila taarifa. Korido ilinuka kabichi, redio ilipigwa kwa sauti ya juu, na mzee mmoja alikuwa akikokotwa na msichana aliyekunja mikono ya sare.

"Mguu mwingine, babu. Nitukane tu, lakini tembea."

Na mzee alimtukana kweli.

"Hapa wanafanya kazi," Lavonne akasema.

"Tumewaingilia watu, wifi. Twende zetu, naona haya."

"Haya zako hizo zitakuja kukutokea puani."

Ardis akachagua nyumba ya mjini kwao. Alipiga simu, akapangiwa saa, akapokelewa na meneja mwenye tai na kahawa ya moto. Sakafu iling'aa. Chumba cha mazoezi kiling'aa zaidi, vyuma vyote mahali pake, na hakukuwa na mtu hata mmoja ndani. Angejiuliza walipo wagonjwa saa ngapi, na keki ameshakatiwa?

Tangu hapo, kila alipotaka kwenda kumwona mumewe alipiga simu asubuhi. Akifika humkuta Orlin kitini, kachanwa nywele, shati safi, na miguuni viatu vya mazoezi alivyomnunulia yeye.

"Unaendeleaje, mzee?"

"Siwezi kulalamika."

Na kweli hakuweza. Orlin alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Ng'ombe akimkanyaga, yeye ndiye angeomba radhi. Ardis alirudi nyumbani akiwaza kupanda mahindi pamoja naye.

Mwezi Machi dhoruba ikaangusha nyaya za simu. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Orlin. Ardis alizunguka jikoni asubuhi nzima, akainua simu mara kwa mara, kimya. Mwishowe akaona heri aibu kuliko mumewe adhani amesahauliwa, akaenda hivyo hivyo.

Harufu ya mkojo ilimpokea mlangoni. Mezani pa mapokezi hapakuwa na mtu. Orlin alikuwa kitandani, ndevu zimeota, shuka limelowa, na sinia la chakula limewekwa dirishani ambako mkono wake haukufika. Magoti yalikuwa yamekunjika na kukakamaa. Ardis alipojaribu kuyanyoosha, Orlin aliuma mdomo.

"Hukupiga simu," alisema, akageukia ukutani kwa aibu.

"Simu zimekatika. Orlin, wanakutembeza?"

"Ukipiga simu wananiosha, wananiweka kitini. Nilikuwa naomba upige kila siku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeona haya, mke wangu. Uliwapenda sana."

Ardis alikaa kwenye shuka lile lile bichi akalia, kisha akamlisha supu iliyopoa. Hasira aliyokuwa nayo hakujua aielekeze wapi, maana kila alikoielekeza ilimrudia mwenyewe.

Akamhamishia ile nyumba ya mji wa pili. Msichana wa mikono iliyokunjwa aliyapapasa magoti ya Orlin kwa muda mrefu, akamtazama Ardis, na hakumwambia mtu yeyote atembee. Akaanza kumvua viatu taratibu. Akavigeuza, soli zilikuwa nyeupe kama zimetoka dukani.

"Viatu vipya hivi, babu. Umevinunua leo?"

"Hapana, binti," Orlin akasema. "Ni vya siku za wageni."

Ardis alivichukua akavipakata mapajani. Alivirudisha nyumbani vile vile, akaviweka mlangoni pa zizi, na havikuvaliwa tena.