Wiki Sita Nilizonyamaza

Mwalimu alikishika kitabu changu kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nzi kwenye maziwa. Akakigeuza, akasoma maneno mawili matatu ya nyuma, akakirudisha mapajani mwangu.

"Hiki ni cha watoto wa Sunday school," akasema. "Hapa tuko na watu wamesoma. Wewe mama, tusaidie na chai."

Akina mama wakacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha kumfurahisha mwenye nyumba. Lakini nilikisikia, na niliangalia ni nani na nani waliocheka.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili, tukikutana kila Jumamosi alasiri sebuleni kwake, hapa Nakuru, kujifunza Biblia. Tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na hata pasta wetu alimwita hivyo. Mimi ni mpishi wa shule ya upili. Masomo niliyaacha darasa la saba. Mwaka huo tulikuwa tumeambiwa kila mmoja alete kitabu anachoona kitatusaidia kukua katika imani, halafu tuchague kimoja. Changu kilikuwa chembamba, cha Kiswahili, karatasi zake za rangi ya uji, kinaeleza maombi ya Hana, mama yake Samweli. Nilikisoma mara tatu nikimuuguza mama yangu kule Gilgil mpaka alipofariki. Sikukileta nionekane nimesoma. Nilikileta kwa sababu kilinisimamisha wakati miguu ilikuwa imekataa.

Nikaenda jikoni nikamimina chai. Nilimtilia Mwalimu sukari kwanza, vijiko viwili kama anavyopenda, nikampelekea kikombe kwa mikono miwili, nikasema moyoni: siku yako inakuja.

Watu husema hasira ni moto. Yangu ilikuwa maharagwe makavu. Maharagwe hayataki moto mkali, yanataka kufunikwa na kungojewa, na kazi hiyo naijua kuliko mtu yeyote katika kile kikundi.

Nilianza kwenda kwenye duka la vitabu vya Kikristo mjini, kila nilipopata nafasi kutoka jikoni. Muuzaji alikuwa mama wa rika langu, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Siku ya kwanza nilichukua kitabu kilichong'aa kuliko vyote nikaanza kukitazama picha.

"Mathe, usichague kwa jalada," akaniambia. "Umekuja na Biblia?"

"Ninayo."

"Fungua hicho kitabu katikati. Tafuta aya moja amenukuu. Sasa isome kwa Biblia yako, uanzie juu kidogo na umalizie chini kidogo. Ukiona amekata maneno yakabaki yale anayataka yeye, rudisha."

Aya ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa imekatwa. Nilikirudisha, nikachukua kingine. Tangu siku hiyo akaniruhusu kusimama pale na Biblia yangu nikipima vitabu kama mtu anayechambua mchele. Alinifundisha kuangalia kama mwandishi anamtaja Kristo au anajitaja mwenyewe, na kama kuna maswali ya kumfanya msomaji afikiri au amri tu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombaomba, nikanunua kamusi. Nilisoma asubuhi kabla ya kuwasha jiko la shule, nikasoma mchana sufuria zikiwa zimeinamishwa zikauke. Nisiseme uongo: nilimjua Mungu zaidi mwaka huo kuliko miaka yote ya nyuma. Na kila ukurasa niliousoma, niliusoma nikiona uso wa Mwalimu.

Mwaka uliofuata hakutuuliza. Alikuja na kitabu amekichagua mwenyewe, cha Kiingereza, jalada lina picha ya mwandishi amevaa suti nyeupe, sura sita, moja kwa kila Jumamosi. Alisema siku ya sita tutafunga kwa sherehe, pasta atakuwepo, na wageni akina mama wa kanisa dada kutoka Naivasha.

Nilikimaliza kabla ya Jumatano ya wiki ya kwanza. Nilikuwa na karatasi ya daftari na kalamu ya risasi. Aya kumi na mbili hazikuwa kama zilivyo kwenye Biblia. Mbaya zaidi ilikuwa sura ya nne, kuhusu uponyaji. Mwandishi alisema mtu akishaombewa kisha akaendelea na dawa, ameikana imani yake, na alithibitisha kwa nusu ya aya kutoka kwa Warumi, ile ya kwamba jambo lisilotoka katika imani ni dhambi. Mtu akiisoma sura yote ataona Paulo anazungumza habari za vyakula, na jinsi mkristo asivyopaswa kumwangusha mwenzake kwa sababu ya sahani. Dawa haimo kabisa.

Nilijua la kufanya. Bwana Yesu amelieleza wazi: ndugu yako akikosa, mwendee, mkiwa wawili peke yenu. Nyumba ya Mwalimu ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Nilikunja karatasi nikaiweka ndani ya Biblia, nikahesabu Jumamosi zilizobaki mpaka wageni wa Naivasha waje.

Jumamosi ya nne alifundisha uponyaji. Alifundisha vizuri, kwa sababu alikuwa na sauti na alikuwa na kipawa, hilo simnyimi. Miongoni mwetu kulikuwa na dada mmoja, mdogo kuliko sisi wote, aliyetoka Olenguruone akaolewa huku. Anauza viazi na kabichi sokoni. Alikuwa na presha ya damu tangu alipojifungua mtoto wake wa pili. Aliandika kila neno.

Jumamosi ya tano akasimama kutoa ushuhuda. Alisema, "Mimi nimeamini. Zile tembe nimezifungia kwa droo. Ni siku saba leo na sijasikia kitu."

Wakapiga makofi. Mwalimu akamkumbatia.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jikoni. Karatasi ilikuwa ndani ya Biblia, Biblia ilikuwa mapajani. Nilimwangalia yule dada, nikafikiri: ni wiki moja tu. Wiki moja haiui mtu. Na nikafikiri pia, na hili ndilo linanichoma, kwamba sasa kesi yangu imepata shahidi.

Siku ya sherehe nilivaa kitenge changu kizuri. Nyumba ilijaa, wengine wakakaa kwenye mikono ya viti. Mwalimu alipomaliza muhtasari, pasta akauliza kama kuna mwenye neno. Nikainua mkono. Niliona Mwalimu akitabasamu, nadhani alidhani nataka kutangaza chai.

"Mwalimu, naomba tusome pamoja ile aya ya sura ya nne," nikasema. "Lakini tuisome kwa Biblia, na tuanzie juu."

"Tumeshaisoma, mama."

"Tumesoma nusu."

Pasta akafungua Biblia yake. Mama mmoja wa Naivasha akasoma kwa sauti, pole pole, mpaka mwisho wa sura. Nikatoa karatasi, nikataja ya pili, na ya tatu. Kila moja nilimwomba mgeni asome, si mmoja wetu, ili isionekane ni ugomvi wa nyumbani. Ilipofika ya saba pasta akasema inatosha. Nikasema, "Naomba moja tu ya mwisho, pasta." Nikawapeleka kwa Isaya, mahali nabii anaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu la mfalme ili apone. Nikamgeukia Mwalimu, nikamwuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, Isaya naye aliikana imani?"

Alikuwa amesimama na kile kitabu mkononi, na shingo yake ilikuwa imeingia ndani ya kola. Wale waliocheka mwaka uliopita walikuwa wakinitazama mimi. Nimekula sikukuu nyingi maishani, lakini sijawahi kuonja kitu kitamu kama dakika ile. Niliiacha karatasi mezani mbele yake, nikaenda jikoni nikaleta chai, na safari hii nilimpa wa mwisho.

Yule dada wa Olenguruone hakuwepo. Tulidhani ni biashara imemshika. Jumatatu ndipo tukasikia kwamba Ijumaa asubuhi alianguka sokoni, akifungua gunia. Ile Jumamosi nikisomesha wageni aya, yeye alikuwa amelazwa, nusu ya mwili haisikii.

Nilipoenda hospitalini nilimkuta Mwalimu ametoka wodini, ameketi kwenye benchi lililo kushoto mwa mlango. Alikuwa amelia. Nilikuwa nimejiandaa kumpita tu, nimwache na dhambi yake. Akaniita.

"Mama, keti kidogo."

Nikaketi.

"Siku ile ulikuwa na karatasi," akasema. "Aya kumi na mbili, umeandika na kalamu ya risasi, imeanza kufutika kwenye mikunjo. Hiyo si karatasi ya asubuhi moja. Ulijua lini?"

Ningeweza kumdanganya. Nikasema, "Wiki ya kwanza."

"Wiki ya kwanza." Alitikisa kichwa kama mtu anayesahihisha mtihani. "Mimi nilikosa kwa kutojua. Nitajibu hilo mbele za Mungu, na mbele ya huyu msichana nimeshajibu, nimetoka kumwomba msamaha sasa hivi. Wewe ulijua. Ulimsikia akisema amefungia dawa, ukanyamaza. Ulikuwa unangoja nini?"

"Wewe," nikasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Hakuinua sauti. Alichukua mkoba wake akasimama. Alisema hatamwambia mtu, kwa sababu si lake la kusema. Nilimchukia zaidi kwa hilo kuliko kwa maneno yake ya siku ya kwanza. Angenitangaza, tungekuwa sawa.

Aliacha ushirika, nasi tukahamia chumba cha kanisani. Mimi ndiye nikawa mchaguzi wa vitabu, kwa kura zote. Nilichagua vizuri. Akina mama wakajifunza kuja na Biblia zao na kupima, na yule muuzaji wa duka akatufahamu wote. Kila mtu alinishukuru, na aliyenishukuru kuliko wote ni yule dada. Aliporudi nyumbani, mkono wa kulia ukiwa bado mzito, alinishika kwa ule wa kushoto akasema, "Usingetufungua macho, mimi ningekufa nikiwa nimeziacha zile dawa." Nikabeba shukrani hiyo karibu mwaka mzima. Nilipopika, ilikuwa nami.

Mwishowe nilienda kwake asubuhi moja, kabla hajatoka kwenda sokoni. Nilimkuta akichambua viazi, vidogo huku, vikubwa huku, kwa mkono mmoja. Nikamweleza yote, kuanzia kitabu changu cha Hana mpaka ile Jumamosi ya tano. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikiweka chini kiazi alichokuwa nacho mkononi.

"Kwa hivyo nilipokuwa nashuhudia, ulikuwa unaniona," akasema.

"Nilikuwa nakuona."

"Na ulipiga makofi?"

Nikafikiri. "Nilipiga."

Akaniomba niondoke, kwa upole, kama mtu anayeomba apishwe apite. Miezi minne hakukanyaga ushirika. Sasa anakuja. Anakaa upande ule mwingine wa chumba, anasoma kitabu tunachosoma, na nikiuliza swali anajibu akimtazama mtu mwingine.

Pasta, nilipomwungamia, aliniuliza kama natubu. Nilimwambia kwa habari ya yule dada nimetubu, na nitaendelea kutubu. Akauliza, "Na Mwalimu?" Nikanyamaza. Jumapili Mwalimu hukaa safu ya tatu, mimi ya sita, na wakati wa kusalimiana hunipa mkono. Naupokea. Ni mkono wa baridi, mkavu, wa mtu wa chaki, na kila ninapoushika, kabla sijajizuia, naikumbuka ile shingo ikiingia ndani ya kola, na kitu fulani ndani yangu bado hufurahi.