Matope Magumu

Kupima sakafu ya mto si uchawi. Mwenye subira hujifunza. Mashine iliyofungwa ubavuni mwa mtumbwi hutuma sauti chini. Ikigonga mwamba, sauti hurudi na nguvu. Ikigonga matope, hurudi imechoka. Ila kwanza uizoeze mashine maji unayopima, kwa kuijaribu mahali unapojua tayari kilichopo chini. Shefu wetu, mkuu wa kazi ya upimaji, aliizoeza Goma, katika maji maangavu ya ziwa. Kisha akaileta karibu na Kibua, kwenye mto uliobeba udongo wa machimbo yote ya juu, na hakuijaribu tena. Alikuwa na haraka. Nyumba ya wageni kule Mubi ilikuwa na jenereta, na jioni kulikuwa na mpira.

Ramani yetu ndiyo ingeamua wapi zitaruhusiwa drage, zile mashine zinazonyonya changarawe kutafuta dhahabu. Penye matope, ruhusa. Penye mwamba, ambako samaki hutaga mayai, hapana. Mama mvuvi aliyeusukuma mtumbwi wetu kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia, alikuwa akitega mitego yake ya kusuka kwenye mwamba mmoja, kama mama yake kabla yake. Tulipofika juu ya mwamba huo, skrini ikaonyesha matope.

"Andika matope," Shefu akaniambia.

Nimezaliwa kwa wafugaji wa Masisi, na siagi haikosekani mfukoni mwangu. Niliipaka chini ya kipande cha chuma chenye kamba, nikakishusha. Jaribu mwenyewe siku moja: penye matope siagi hurudi nayo, penye mchanga hurudi na punje. Hapa ilirudi safi, imebonyea na kuchanika, kama inavyorudi penye mwamba. Mara tatu.

Shefu akacheka. "Dada, hiyo ni ya kupima ao ya kupika? Mashine haidanganyake."

Mama akamnyooshea upondo. "Papa, kama iko matope, simika huu muti, usimame."

Akausukuma chini. Ko. Akajaribu kushoto. Ko. Mtu mwenye akili hata kidogo angesema amekosea, nami ningemheshimu mpaka leo. Huyu aliikodolea macho skrini ili asitutazame sisi.

"Andika matope magumu."

"Njo vile," Mama akasema. "Na hii meno yangu iko bugali ngumu."

Karatasi ya kila kipande cha mto ilitaka sahihi mbili, ya Shefu na ya mpimaji, yaani mimi. Nilitia yangu kwenye zote isipokuwa ya mwamba huo. Aliniita mkaidi mbele ya watu wa pikipiki pale Mubi, akasema sitapata kazi tena. Maneno ya mtu aliyeshindwa na fimbo hayakuninyima usingizi.

Bila sahihi ya pili, kipande hicho kilibaki cheupe kwenye ramani: hakijapimwa, na penye weupe drage haziingii. Nasikia doa hilo bado linamuudhi anapowaonyesha wageni ramani yake. Mama anatega humo.