Ukili Uliopita Ukutani

Shemeji yangu alimleta binti yake kijijini kwetu, Msimbu, msimu wa kupalilia. Walitoka Soga kwa miguu, yeye mbele, mtoto nyuma, na hawakuwa wakizungumza. Shemeji alikuwa Mnyasa, karani kwenye shamba la katani huko Soga. Dada yangu mkubwa alikuwa mkewe. Alimfuata mpaka kwao Nyasa, akazaa huko, akafia huko. Baada ya matanga shemeji alirudi Tanganyika kutafuta kazi, mtoto akaja naye. Kambi ya katani si mahali pa kulelea msichana, ndiyo maana akaniletea mimi, mama yake mdogo.

"Shemeji," aliniambia, "mkataba wangu unaisha baada ya mavuno. Akizoea, abaki kwenu. Asipozoea, narudi naye Nyasa. Sitaki mtoto anayekaa kama msafiri anayengoja treni."

Nilitaka abaki. Tena nilitaka kwa ajili yangu kabla sijataka kwa ajili yake. Kaburi la dada yangu sikuliona, na huyu alikuwa na paji lake la uso na namna yake ile ile ya kununa. Kiswahili alikijua, ila cha kwao, cha polepole, na watoto walipomcheka mara moja akakifunga mdomoni kabisa.

Nikajiambia, anahitaji rafiki. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nilizaliwa nalo na sikuwahi kuliona. Wasichana wa rika lake hawakuwapo. Kwetu zamani hizo msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali. Alikaa chumbani miezi, wengine mwaka na zaidi, mpaka achezewe ngoma na kutolewa. Mwanamume hamwoni. Hapazi sauti, hacheki kwa nguvu, kazi yake ni kusuka ukili, ule ukanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, na kusikiliza mafunzo ya kungwi wake. Na msichana ambaye hajawekwa ndani haruhusiwi kuingia kwake. Wangu naye alishavunja ungo, ila kungwi gani angemchukua mtoto ambaye huenda akaondoka baada ya mavuno? Kwa hiyo njiani Msimbu ungekutana na watoto wanaokimbiza kuku na wanawake wenye watoto mgongoni. Wa katikati walikuwa nyuma ya kuta.

Hata hivyo nilijaribu, maana mimi ni mtu wa kujaribu hata nikijua sitafaulu. Nilimpeleka kisimani na wanawake. Wakamwuliza ataolewa lini, akatazama ndoo yake. Nilimkaangia karanga akawagawie watoto wa jirani. Wakala karanga, wakaenda zao. Nilimwambia aimbe wimbo wa kwao wakati wa kutwanga. Akanitazama kama dada yangu alivyokuwa akinitazama nikisema upuuzi. Nikatwanga peke yangu.

Akawa anashinda nyuma ya nyumba ya jirani, kwenye kivuli, akinichania ukindu wangu. Alipachagua kwa kuwa hapapiti mtu. Ukuta wa pale ulikuwa umemomonyoka chini kwa mvua, fito zikionekana, na nyuma ya ukuta ule kulikuwa na mwali. Siku moja, nikiwa uani napepeta mchele, niliona ncha ya ukili inachomoza pale chini, inatikisika. Mwali alikuwa ameishiwa majani. Mtoto wangu akautazama ule ukili, akachagua ukindu mzuri, akausukuma ndani. Kesho yake ukili wenyewe ukatoka wote. Akausuka kipande, akaurudisha.

Nikaendelea kupepeta mchele ambao ulishapepetwa. Wakawa hivyo, huyu anasuka, anapitisha, yule anasuka, anapitisha. Hawakusemezana. Mmoja amekatazwa kusema, mwingine amekataa. Lakini jioni mtoto alianza kurudi nyumbani na njaa, na mimi nikafurahi sana, ingawa sikumwonyesha.

Siku za mwizi ni arobaini. Kungwi wa yule mwali alikuwa bibi mkavu, fundi wa mikeka, asiyependa kuonewa. Alikuja kwangu na ukili umeviringishwa mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimesikia mwanao anatia mkono kwenye kazi ya mwali wangu. Mtoto ambaye hajawekwa ndani! Nimekuja nikate pale alipoanza yeye, nivitupe vipande vyake."

Nikamsogezea kigoda. Alikuwa na haki. Akakaa kwenye kigoda, akaukunjua ukili mapajani, kisu kikiwa tayari, akaanza kuupitisha vidoleni kutafuta pale ambapo mkono wa mgeni uliingia. Alifika mwisho. Akarudi mwanzo. Sisi wa pale kwetu tulikuwa na namna yetu ya kulikunja jani la pembeni, na mgeni hujulikana hapo hapo. Mimi mwenyewe mkono wangu ni mbovu, nilikuwa nafukuzwa kwenye mikeka tangu utotoni, kwa hiyo sikuwahi kuutazama usukaji wa yule mtoto.

"Ni wapi?" bibi akauliza kwa hasira.

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Akaja, akaonyesha kwa kidole. Hapa mpaka hapa. Na hapa.

Bibi akapasogeza karibu na macho. "Nani kakufundisha?"

"Mama," akasema. Ndilo neno la kwanza alilolisema mbele ya mtu wa Msimbu tangu wamcheke.

Bibi aliweka kisu chini. Kisha akaniambia mimi, si mtoto, kwamba dada yangu alipokuwa mwali alikuwa mikononi mwake, na jani lile alilikunja vibaya mara nyingi mpaka akalia. Halafu akamgeukia mtoto.

"Basi njoo ndani, mjukuu wangu. Usisukie nje kama mwizi."

Nikamwuliza mtoto mwenyewe kama anataka. Akachukua upande wake wa kanga akamfuata bibi. Wakawa wanawali wawili chumba kimoja.

Baada ya mavuno shemeji akaja. Alibeba sanduku jipya la bati. Nikamweleza kwamba binti yake yuko ndani, hawezi kumwona. Hakugomba. Alikaa barazani kwa jirani, sanduku miguuni, akanywa maji niliyompa.

"Amezoea?" akauliza.

Kabla sijajibu, chumbani mtu alicheka. Kicheko kirefu, kisichoruhusiwa, kikadakwa na cha pili, na bibi akagonga ukuta kwa mchi akiwafokea wote wawili. Kikanyamaza, halafu kikaponyoka tena.

Cha kwanza nilikuwa sikijui. Shemeji alikijua. Kikombe alikiweka chini taratibu, akainamisha kichwa, na mabega yake yakawa yanatetemeka. Nilitazama pembeni mpaka alipomaliza.

Kisha akasimama, akavaa kofia yake. Alitaka kuwahi Soga.

"Shemeji," akasema, "usimwambie nilikuja kumchukua."

Sanduku alikuwa ameliacha. Jioni nikalipitisha mlangoni kwa bibi, nikamwambia mtoto kwamba baba yake kamletea la kuwekea ukili.