Rangi Asiyoiona Folkert

Folkert Dijkema alichomelea meli huko Delfzijl, bandari ya Uholanzi, kwa miaka arobaini na miwili. Alipostaafu alinunua tangi la lita mia mbili na hamsini, akalijaza maji ya chumvi sebuleni, akapanga mawe na mchanga. Alitaka kufuga matumbawe na samaki wake. Yeye na mkewe walishaachana zamani, kwa hiyo hakuna aliyelalamikia nafasi.

Tangi jipya lina sumu, na hilo alilijua. Vinavyooza kwenye mawe hutoa amonia, na mpaka vijidudu vya kuila viongezeke, samaki haishi humo. Basi kila siku alichota maji kwenye kichupa cha kioo, akadondosha dawa, akatikisa, akasubiri dakika tano huku akitazama saa, kisha akalinganisha na kadi ya rangi. Manjano ni salama, kijani ni hatari. Kila siku aliona manjano. Siku ya tisa akanunua samaki wawili, na kesho yake wote wakafa.

Alirudi dukani amefura, na maji ya tangi kwenye chupa. Muuzaji, Reinder, hakubishana naye. Aliyapima palepale, akainua kichupa.

"Hiki ni kijani, mzee. Tena kimekolea."

Folkert alimwambia dawa yake imeharibika, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alipima upya, akaona manjano yaleyale. Akaenda kumgongea jirani yake, Jannie Wiersum, ambaye karibu maisha yake yote alichanganya rangi za kuta dukani. Jannie alikuja na aproni yake. Alisema ule mwanga wa buluu wa taa ya tangi humdanganya yeyote, akahamia dirishani. Akataka na kichupa cha pili, chenye maji ya chumvi mapya yasiyowahi kuingia tangini, vyote viwili vipimwe pamoja. Dakika tano zilipopita akaviweka mbele ya karatasi nyeupe.

"Haya, kipi kijani?"

Folkert alitazama, akaigeuza karatasi, akatazama tena. "Vyote sawa."

"Usinitanie, bwana."

"Sikutanii, Jannie."

Akaketi, akamsimulia. Alipokuwa na miaka kumi na saba alikwenda kupimwa ili asomee unahodha. Daktari alimfungulia kitabu cha madoadoa ya rangi na kumwuliza ameona namba gani. Aliona madoa tu. Nyumbani alimdanganya baba yake kwamba bahari inamtapisha, baba akamcheka mpaka anaingia kaburini, na uongo huohuo ndio aliompa hata mkewe.

"Miaka arobaini na saba umekubali kuchekwa kwa kutapika?"

"Kutapika kuna dawa," alisema Folkert.

Jannie hakucheka. Aliuliza tu vichupa vinasuuzwaje. Aliposikia kwamba husuuzwa mara moja kwa maji ya bomba, akaguna, akasema kuanzia sasa ni mara tatu, tena kwa maji ya tangi lenyewe, mabaki ya jana yasije yakaharibu kipimo cha leo. Wakapatana kwamba atakuja kila siku saa nne asubuhi, kukiwa na mwanga wa kutosha. Folkert angedondosha matone, yeye angesoma.

Kijani kilidumu siku kumi na moja. Kikaanza kufifia. Jannie alitaja alichokiona, Folkert akaandika kwenye daftari, na mara nyingi hawakuzungumza lingine mpaka kahawa iishe. Siku ya kumi na tisa Jannie alisema ni manjano. Folkert akanyanyua koti lake papo hapo.

"Keti. Tusubiri ya kesho."

Kesho yake yakawa manjano tena.

Dukani Reinder alimwuliza kama amepima safari hii.

"Amepima jirani yangu," alisema Folkert. "Mimi macho yangu hayaoni kijani."

Reinder aliitikia kwa kichwa, akatia samaki wawili kwenye mfuko wa maji, akamwonya asiwashibishe mno wiki ya kwanza. Wale hawakufa. Matumbawe yalifuata mwezi Mei.