Tangi Lililotaka Kujaa

Nilianza na friza za maduka ya Garissa, zile ndefu zinazofunguliwa juu, ambazo watu hukalia kifuniko kama benchi halafu wanashangaa hakifungi vizuri. Kazi yangu ilikuwa kuongeza gesi, kupuliza vumbi na kugomba. Mteja pekee ambaye sikumgombeza ni mama mmoja aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni. Wenyeji walimwita eedo, yaani shangazi, nami nikamwita hivyo ingawa mimi si Msomali. Yeye aliniita fundi.

Friza yake ilikuwa kuukuu, na kila ilipozima aliniita, akaniwekea kikombe cha chai kabla sijafungua begi la vifaa. Maziwa yake yalikuwa na jina. Alifukiza madumu kwa moshi wa kuni alizochagua mwenyewe, na wateja waliapa kwamba wangeyatambua hata gizani. Wenye hoteli waliwapita kina mama wengine waliojipanga palepale, wakamngojea yeye. Hata mimi, chai isiyo na moshi ule niliiona kama maji ya kuoshea vyombo.

Halafu nikapanda. Kampuni ikaniajiri kufunga mitambo mikubwa: vyumba vya baridi vya nyama, kisha tangi la kupozea maziwa katika kituo kipya karibu na soko. Kompresa yake ilinifika kiunoni. Nilivimba kichwa, sikatai. Nilipewa viatu vya kazi vyenye chuma mbele nikavivaa mpaka harusini.

Lakini tangi kubwa lina masharti. Maziwa yakiwa machache hayafikii mapanga ya kukorogea, na yale ya chini huganda. Siku ya kulijaribu mbele ya wakubwa nilitaka yafike kwenye alama. Kina mama wengi walikubali kuleta yao. Eedo alikataa, kwa sababu kituo kilitaka mikebe ya alumini iliyooshwa kwa sabuni, bila kufukizwa.

Basi nikaenda kibandani kwake. Sikwenda kwa ajili ya biashara yake. Nilikwenda kwa sababu tangi langu lilitaka kujaa, na hilo linanila mpaka leo. Nilimwambia friza yake imechoka, na kwamba kwenye tangi hatamwaga tena maziwa yaliyoharibika. Yote yalikuwa kweli. Sikumwambia kwamba mle ndani maziwa yake na ya wenzake yatakuwa kitu kimoja. Nilidhani kila mtu anajua.

"Fundi, baridi ni wewe najua," akasema. "Kama wewe nasema ni mzuri, mimi naleta."

Alileta. Maziwa yakapita alama, joto likashuka, wakubwa wakanipa mikono. Yeye alisimama nyuma na mkebe wake mtupu, akaniombea dua kwa Kisomali. Nilifurahi kweli siku ile, na furaha ile sasa naionea haya.

Baada ya muda eedo akawa anapeleka maziwa yake yote kituoni, na wenye hoteli wakazoea kununua huko. Nilipita kibandani kwa eedo nikakuta friza imechomolewa, ameigeuza sanduku la kuwekea sukari na khanga. Hakunilaumu. Alinitengea chai, na maziwa ya chai ile yalitoka kituoni kama ya kila mtu. Nikaimaliza haraka nikasingizia kazi.

Juzi nilikuwa kituoni nikisafisha feni za mtambo alipoingia na kikombe chake. Muuzaji akamfungulia bomba la tangi. Eedo akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Fundi, maziwa ni mzuri."

"Asante, eedo."

Akasogea, akaweka kiganja kwenye ubavu wa tangi. Akaangalia juu, akaangalia bomba, akakiangalia kile kikombe.

"Sasa yangu iko wabi?"

Hakuwa akinisuta. Aliuliza jinsi alivyokuwa akiniuliza zamani kwa nini friza inalia, akijua nitafungua begi na kupata jibu. Nikageukia geji ya joto. Ilikuwa inasoma sawasawa.