Nywele za Mwalimu Felista

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinikabidhi wembe. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, zahanati yetu ikiwa kando ya njia ya kwenda Mpui, nami nesi mpya.

"Kila kipara ni mapunye," alisema. "Nyoa, paka dawa, mwingine aingie."

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Felista, aliyefundisha kisomo cha watu wazima. Nywele zilikuwa zimemtoka kwa mabaka ya mviringo, ngozi laini, bila magamba wala mwasho. Mapunye huwa na magamba. Niliiona tofauti hiyo, nikanyoa. Baadaye hata nyusi zikaondoka, na watu wakaanza kukaa mbali naye darasani.

Daktari wa wilaya alipokuja kukagua, alimwambia Mfawidhi mbele yetu, "Huyu haambukizi mtu. Kinga ya mwili wake inashambulia mashina ya nywele." Akamwandikia prednisolone, vidonge vya kutuliza kinga hiyo, akaagiza vipunguzwe polepole. "Na zikiota, zinaweza kutoka tena," alituonya. "Msimlaumu."

Zikaota! Kwanza nyeupe, nyembamba, kisha nyeusi. Felista aliushika mkono wangu akaupitisha kichwani mwake, huku akicheka.

Dozi ilipopunguzwa, mabaka yakarudi.

"Umeacha kumeza," Mfawidhi alifoka.

"Nimemeza vyote, Bwana Mganga. Muulize nesi, nilimezea mbele yake."

Mfawidhi akanigeukia. Nilitazama sakafu. "Sikumbuki," nikasema.

Nilikumbuka kila kidonge. Mfawidhi akaandika kwenye cheti cha Felista: mkaidi. Kisha mtu huyo mzima, mwenye kiapo cha kutunza siri za wagonjwa, akakipeleka cheti kwenye kamati ya kijiji. Felista akaondolewa darasani, akarudi kwao Mollo. Mfawidhi akapandishwa cheo.

Ninyi mnaovaa sare leo, msiniambie nilikuwa mgeni wa kazi. Macho nilikuwa nayo, na mdomo pia. Ugonjwa ule hupoa na kurudi upendavyo, ndiyo hali yake. Uongo ule ulikuwa wetu.

Nilipostaafu nilikwenda Mollo kuomba radhi. Felista alikuja mlangoni kichwa wazi, kipara kitupu.

"Nywele zimerudi mara tatu na kuondoka mara tatu, nesi," alisema. "Darasa langu halikurudi hata mara moja."

Hakunikaribisha ndani. Nami sikumwomba.